Kifungo cha Tatu Kutoka Juu

"Kifungo hiki nani kakishona?"

Mkewe alikuwa hata viatu hajavua. Sanduku la mawe ya mizani lilikuwa mlangoni, koti la kazi kalitundika kwenye kiti cha cherehani, na maji aliyopewa yalikuwa bado nusu gilasi. Siku nne yuko safarini, halafu hiyo ndiyo karibu yake nyumbani.

"Kipi?"

"Hiki. Cha tatu kutoka juu."

"Si kifungo tu, Fundi? Nilikuwa nanyanyua jiwe la kilo ishirini, sanduku likakinasa, kikaruka huko. Nikashonewa kingine. Umepika nini?"

"Nani alikushonea?"

"Fundi mmoja hukohuko."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana alijibu huku anaangalia gilasi.

Sasa sikilizeni niwaambie. Wivu wa fundi cherehani haufanani na wivu wako na wangu. Mimi na wewe tunanusa marashi kwenye kola, basi. Huyu bwana anasoma uzi. Koti lile alilishona mwenyewe walipofunga ndoa, miaka mitatu iliyopita. Kitambaa kigumu cha kijivu cha kuhimili vumbi la masoko na vinu, bitana ya buluu kwa sababu bibie anapenda buluu. Kila kifungo alikishona kwa mistari miwili iliyolala sambamba. Hiki kilishonwa msalaba, kikasimama juu ya shingo nene ya uzi, imara kuliko vyake vyote sita. Na hilo ndilo lililomchoma. Fundi wa njiani hampi mteja wa kupita kifungo cha namna ile. Aliyekishona alikuwa na mapenzi.

"Mkaguzi," alimwita. Ndivyo alivyozoea kumwita, kwa kuwa kazi ya mkewe ilikuwa kuzunguka mji kwa mji akikagua mizani za wafanyabiashara. "Huyo fundi ana jina?"

"Mume wangu, nimechoka. Nipe hadi Jumamosi, nitakuambia yote."

"Leo Alhamisi."

"Najua leo Alhamisi."

Akaingia kuoga, ndani kwao nyuma ya duka. Fundi akabaki na mkasi mkononi, hajui alikuwa anataka kukata nini. Mara simu ya mkewe, iliyokuwa mezani juu ya suruali ya mteja, ikawaka. Namba haikuwa na jina. Ujumbe ulisomeka hivi:

"Umefika salama? Lile letu libaki kwanza mdomoni mwako. Nipe mpaka Jumamosi."

Jamani! Hata ungekuwa wewe.

Bibie alipotoka, taulo kichwani, alimkuta mumewe amesimama palepale.

"Jumamosi kuna nini?"

"Umesoma simu yangu?"

"Imewaka mezani, na mimi nina macho. Nakuuliza, Jumamosi kuna nini?"

"Nimetoa ahadi. Siwezi kusema."

"Umemwahidi nani?"

"Fundi, nakuomba. Siku mbili tu, niamini."

"Mimi na wewe tulikubaliana hatufichani."

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo nakuomba uniamini."

Angenyamaza hapo, yangeisha. Lakini mdomo hauna mlango wa chuma. Akasema:

"Baba hakukosea. Mke wa barabarani hajengi nyumba."

Upande wa pili wa ukuta, mashine ya kukaushia nywele ya jirani ikazimwa.

Neno lile lilikuwa na historia. Baba yake Fundi naye ni fundi cherehani, na ndiye aliyemfundisha kazi. Mwana alipopeleka habari kwamba anataka kumwoa binti mkaguzi wa mizani, anayelala mji huu leo na mji ule kesho, mzee alisema hivyohivyo, neno kwa neno, kisha akaongeza, "Ukimwoa, usinihesabu." Mwana akachukua mkasi wake akaondoka. Siku ya harusi kiti cha mzee kilikaa kitupu mstari wa mbele, na bibi harusi alikiangalia akalia, wanja ukamharibikia. Tangu hapo jina la mji wa mzee halikutajwa nyumbani kwao. Na Fundi aliapa kwamba neno lile halitasikika ndani ya nyumba yake hata siku moja.

Mkewe alifungua taulo polepole, akalikunja.

"Uliapa," alisema.

"Mkaguzi..."

"Usiniite." Akavaa gauni, akachukua simu, akanyanyua sanduku lake. "Naenda ofisini kurudisha mawe. Nikirudi uwe umeshaamua kama humu ndani una mke au una mtuhumiwa."

Akatoka. Koti akaliacha.

Ukuta uliotenganisha duka la Fundi na saluni ya jirani ulikuwa wa mbao. Msusi wala hakujisumbua kujifanya hakusikia. Alikuja na chanuo mkononi.

"Shemeji, yamekuwa hayo?"

"Dada, hebu tazama kifungo hiki."

"Nimetazama. Kifungo."

"Si kazi yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna mtu."

Msusi akacheka mpaka akashika mlango. "Ingekuwa mimi nimeshonewa kifungo na hawara, ningekikata kabla sijashuka kwenye basi. Mkeo amekutundikia koti mbele ya pua yako, wewe, fundi mzima! Mwizi gani anamletea mwenye mali ushahidi? Mkimbilie mwenzio kabla hajafika mbali."

Akarudi kwa wateja wake. Maneno yalimwingia Fundi, lakini wivu ni kama mchanga kwenye kiatu, hauishi kwa kuambiwa. Akachukua wembe. Kama koti litakaa, basi kifungo kile hakikai. Atakifumua, atakishona upya kwa mkono wake.

Akakata nyuzi za juu. Kisha akaanza kuifumua shingo, ule uzi unaozungushwa chini ya kifungo ili kisimame. Akazungusha kulia, kama inavyofumuliwa kila siku. Uzi ukakaza. Akajaribu tena, ukakaza zaidi.

Akazungusha kushoto. Ukalegea wenyewe.

Fundi akasogea dirishani. Alitafuta fundo nyuma ya kitambaa, halikuwepo. Alilikuta ndani ya shingo, katikati, limefichwa mahali ambapo mvaaji hataliona maisha yake yote. Wembe ukamwanguka.

Fundo lile aliliona mara ya kwanza akiwa na miaka saba, kazi yake kushikilia njiti ya kiberiti chini ya kifungo ili mzee apate nafasi ya kuacha shingo. Mzee alikuwa wa mashoto, uzi wake wote ulikwenda kinyume na wa mafundi wengine, na fundo alilificha mle ndani akisema, "Nguo ikaguliwe nyuma kama mbele." Fundi alijaribu miaka mingi kushona vile kwa mkono wa kulia, akashindwa, ndiyo maana akaangukia mistari miwili sambamba. Mkono ule anaujua hata akifumba macho.

"Baba," alisema peke yake dukani.

Akampigia simu mkewe. Haikupokelewa. Akapiga tena, wapi! Akaandika: "Nimefumua kifungo. Ni mkono wa Baba. Naja."

Alitoka mbio, koti begani na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, njia nzima watu wanamtazama. Ofisini alimkuta kwenye chumba cha mawe, kavaa glavu, anayafuta moja moja kwa kitambaa laini na kuyapanga rafuni, la gramu hamsini mpaka la kilo ishirini. Simu ilikuwa mfukoni, ujumbe kausoma. Machoni alionekana alikuwa analia.

"Umenivunjia ahadi yangu," alisema bila kugeuka.

"Nimevunja uzi. Ahadi yako iko vilevile, wewe hujasema."

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Kasirika, mke wangu. Una haki. Lakini niambie. Ilikuwaje?"

Akaweka kitambaa chini.

"Nilipewa vituo vya mwenzangu aliyejifungua. Mji wenu umo. Sikukuambia, nilijua utakosa usingizi. Kifungo kikakatika sokoni, nikaingia duka la kwanza la fundi nililoliona. Mzee akapokea koti, akaligeuza ndani nje kama mnavyofanya nyote. Akatazama bitana. Halafu akaniuliza, 'Koti hili nani kalishona?' Sauti ileile uliyoniuliza nayo wewe leo."

"Ukasemaje?"

"Mume wangu. Akasema, 'Mumeo anakunja pembe ya bitana mara mbili. Nilimgombeza miaka sita aache, inakula kitambaa.' Akapitisha kidole pale kwenye pembe. 'Kumbe hakuacha.' Akavua miwani, nikajua niko mbele ya nani."

Fundi akakaa juu ya sanduku.

"Akasema nini tena?"

"Hakusema. Alishona. Kifungo kimoja, nusu saa nzima. Alipomaliza akaniuliza kama nimekula."

Fundi akafunika uso kwa koti. Mkewe akavua glavu, akamwekea mkono kichwani.

"Leo, kabla ya kupanda basi la kurudi, nilimpitia tena. Akaniambia, 'Aliyefunga mlango ndiye abishe hodi. Nakuja Jumamosi. Usimwambie. Nikiishia njiani kwa aibu, asijue nilijaribu nikashindwa. Nilishamuumiza mara moja, inatosha.' Ungekuwa wewe, ungesema?"

"Nisingesema."

"Basi."

"Na mimi nikakutupia neno lake lilelile."

"Ulinitupia."

"Nilitaka likuume."

"Liliniuma."

"Nisamehe, mke wangu. Sina mtu mwingine duniani, ndiyo maana nilishikwa na wazimu. Kosa langu lina uzito gani? Sema wewe mkaguzi."

Bibie akaitazama rafu, akafikiri kweli kweli.

"Kilo ishirini," alisema. "Na utalibeba jiwe lenyewe kila ninaposafiri, mpaka kituo cha basi. Bila kulalamika mgongo."

"Nakubali."

"Na leo unapika."

"Nilishapika, ukaondoka."

Akacheka, kisha akalia, kisha akamvuta mumewe kwa ile tepu ya kupimia na kumkumbatia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, walikuwa dukani wote wawili wakijifanya wana kazi. Fundi alikuwa anashona suruali ileile kwa mara ya tatu. Bibie alikuwa anafagia mahali palipofagiwa.

"Labda ameishia njiani," alisema Fundi.

"Shona."

"Mguu wake wa kulia ulikuwa unamsumbua..."

"Mume wangu, shona."

"Hodi."

Mguu wa Fundi ukagandia kwenye pedali. Mlangoni alisimama mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo, mkoba mdogo mkono wa kushoto. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama bibie.

"Mwanangu," alisema. "Kabla hujanikaribisha. Nilisema mke wa barabarani hajengi nyumba. Nilisema akikuoa asinihesabu. Mimi nimekaa kwenye kiti changu miaka yote, na nyumba yangu nimeibomoa nimekaa hapohapo. Nimekuja kukuomba radhi, wewe kwanza."

"Yameisha, baba. Karibu ndani."

"Yameisha kweli?"

"Ningekuwa nayo moyoni, ningekuachia koti langu?"

Mzee akaingia. Baba na mwana wakatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Macho ya mzee yakatangatanga, yakakuta pa kutua: koti la kijivu ukutani.

"Kifungo changu kiko wapi?"

"Nilikikata," alisema Fundi.

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wako. Sikujua ni wewe. Nilidhani... nilidhani nina mwenzangu."

Mzee akanyanyua mkono wake wa kushoto, mkono wa miaka sabini. "Mwenye mkono huu?"

Ukutani kwa msusi mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mzee naye akaanza, kicheko kikamshinda, ikabidi akalishwe kitini.

"Kilikuwa kimeshonwa vizuri kuliko vyangu vyote, Baba," alisema Fundi. "Ndicho kilichoniumiza."

Kicheko kikaisha. Mzee akamshika mwanawe nyuma ya shingo, akamvuta mpaka vipaji vya nyuso vikagusana. Hakuna aliyesema samahani, na wote wawili waliisikia.

"Lete uzi," alisema mzee baadaye. "Nitungie wewe, tundu la sindano siku hizi linanikimbia."

Fundi akatunga uzi. Bibie akashikilia njiti ya kiberiti chini ya kifungo. Mzee akashona, msalaba, akazungusha shingo kwenda kushoto, polepole, mwanawe ameinama anatazama kila mzunguko. Na fundo akalificha ndani.

Jumatatu asubuhi Fundi alibeba sanduku mpaka kituo cha basi, mgongo unauma, mdomo kaufunga. Mzee alikuwa amebaki dukani akigombeza pembe za bitana.

"Nitunzie mzee wangu," alisema bibie. Akatoa simu, akamwekea mumewe mkononi. Kwenye kioo ilikuwa ile namba isiyo na jina. "Iandikie jina wewe. Mimi nilikuwa nakusubiri."

Basi lilikuwa limeshawasha injini. Fundi akaandika herufi nne, akahifadhi, akamrudishia simu. Kisha akamfunga mkewe koti, kifungo kimoja kimoja. Cha tatu kutoka juu alikiacha mwisho.