Nyuki kwenye Banda la Babu Xavery

Wanajumuiya wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Wenye redio wazime, wenye watoto wawanyamazishe, kwa maana leo natoa tangazo zito kuliko yote yaliyowahi kusikika hapa Kitete: kuku sita wamekufa.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mnamjua Babu Xavery, mrina asali wa zamani, aliyeletwa mjini kutoka Sikonge baada ya Bibi kufariki. Wanawe walimwambia, "Baba, njoo ukae karibu nasi." Akaja. Mwaka haujaisha, Alois akahamia Mwanza, Julieth akaolewa Kigoma. Tobias yuko Urambo, si mbali, ila tumbaku haimpi nafasi. Nyumba ikabaki na Babu na saa ya ukutani.

Ndipo akajenga banda la kuku uani. Mwanzoni lilikuwa fito na udongo tu. Kisha akaliinua juu ya nguzo ili kicheche asifike. Mzinga wake wa gome akaukata katikati, akapata viota viwili vya kutagia. Mlango aliubadilisha mara tatu. Kila jioni alipata kitu cha kurekebisha, na asipokipata alikilegeza mwenyewe kusudi. Kuku akawapa majina ya wanawe na wajukuu. Majirani walimsikia: "Alois, mwachie mwenzako. Julieth, mbona huli?"

Likizo ya Juni akaja mjukuu mmoja, binti wa shule ya bweni, mwenye akili nyingi na adabu haba. Sitamtaja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Njoo uone bawaba mpya!"

"Si ulinionyesha jana?"

"Ile ilikuwa ya juu. Hii ya chini."

Ikawa hivyo siku nne. Siku ya tano binti akakumbuka jambo analolijua kila mtoto wa warina asali: mzinga ukipakwa nta, nyuki huuhamia. Akavipaka nta vile viota, ili Babu akichungulia mayai akute wageni, akimbie, naye apate kucheka.

Jumatatu Babu alikwenda kliniki ya macho. Kuku aliwafungia ndani kwa kuhofia mwewe.

"Kaa nao, mama. Jua likizidi, wafungulie."

"Sawa, Babu. Kwani watakimbilia wapi?"

Babu alipoishia kona, binti akaenda barabarani kupiga soga na wasichana wa jirani, kina Zamda. Saa sita mchana kundi la nyuki likashuka. Ule mlango ambao kicheche aliushindwa, kuku nao waliushindwa.

Babu alirudi, akawafukiza nyuki moshi, akatoa kuku mmoja mmoja. "Alois. Julieth. Tobias." Wa sita, mwenye jina la yule mjukuu, hakumtaja, alimpangusa vumbi tu, akamlaza na wenzake.

Jirani, Mama Imakulata, akamwuliza kutoka uani kwake, "Babu, nikuletee chai?"

"Niletee. Kikombe kimoja kinatosha."

Tangu siku ile hajagusa nyundo. Jioni hukaa sebuleni, na uani kuko kimya kabisa.

FUNZO

Enyi mlioacha wazee wenu, sikieni! Kumtumia mzee vocha si kumtembelea. Alois, Julieth, Tobias, aibu iwe juu yenu, maana kama mngalikuwapo...

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nikimsomea Babu kabla ya kuyapeleka maneno haya jumuiyani, aliponikatiza.

"Huyo mjukuu usiyemtaja namjua, Consolatha. Nta ilikuwa kabatini kwangu, na funguo tunazo wawili."

Nilitazama karatasi. Nikaikunja.

"Ulijua tangu lini, Babu?"

"Siku ile ile. Niliikwangua kwenye viota."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeona haya, ungeondoka. Nilitaka umalize likizo."

Basi, wanajumuiya, aibu niliyowatwika baba zangu na shangazi naifuta, wajitetee wenyewe. Mjukuu huyo ni mimi. Msimwache mzee peke yake. Na anayelala nyumba moja naye asijihesabu kuwa hajamwacha. Funzo ni hilo.

Na jambo moja sikumwambia hata Babu. Siku ile, pale barabarani, nilisikia kuku wakilia. Nilikuwa katikati ya kisa, kina Zamda wanacheka, nikasema nikimalize kwanza.