Mkono Kati ya Mabua

Aliyetusimulia habari hii kwanza ni Marlys Tvedt, jikoni kwake, Novemba 2004, wiki moja baada ya kumzika kaka yake Delmar. Aliisimulia mara moja tu, huku akimenya tufaha, na hakutaka kukatizwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba 1998, siku ya Tamasha la Mavuno. Asubuhi matrekta ya zamani yalipita barabara kuu yakiwa na bendera, na bendi ya shule ikafuata ikikosea palepale inapokosea kila mwaka. Marlys alipeleka pai sita kwenye banda la akina mama wa kanisa, kisha akatembea hadi shambani kwa kaka yake. Mwaka huo Delmar alikuwa amekata vichochoro vya kupindapinda ndani ya mahindi yake, ili watu wa mjini waje kupotea humo na kucheka.

Langoni palikuwa na ubao mpya: JE, UTAMPATA INGA?

Marlys aliusoma mara mbili. Inga alikuwa mdogo wao wa mwisho. Alipotea katika shamba hilohilo Agosti 1941, akiwa na miaka minne. Alipatikana Oktoba, wakati wa kuvuna.

Akaingia. Katikati ya vichochoro, juu ya marobota ya nyasi kavu, lilisimama jiwe la kaburi la Inga. Si la kuigiza. Lilelile la makaburi ya kanisa, lenye mwanakondoo wa kuchongwa aliyevunjika sikio. Pembeni ulining'inia muhuri wa wino, na watoto waliofika walikuwa wakijigonga mikononi picha ya kiatu kidogo cha mtoto.

Alimkuta Delmar langoni.

"Lirudishe. Leo hii."

"Dada, umeshaanza. Lilikuwa limeinama kule, nani alikuwa analitazama?"

"Mimi. Kila Jumapili."

"Basi leo wamelitazama watu mia tatu. Inga hajawahi kupata wageni wengi hivi." Wanaume waliokuwa karibu wakacheka. "Nenda ukale hindi la siagi, mama, hasira zitakupandisha presha."

"Mtu mwingine angefanya hivi ningemsamehe," Marlys akasema. "Wewe, Delmar? Wewe?"

Delmar akatazama viatu vyake. Alijua anaambiwa nini.

Mtu akipotea kwenye mahindi, watu wa huko humtafuta kwa utaratibu ambao kila mtoto anaujua. Kila mmoja hushika mstari wake wa mahindi na namba yake. Baada ya hatua ishirini wote husimama, hupenyeza mikono kati ya mabua, hushikana na wa jirani, kisha namba huitwa moja baada ya nyingine. Humwoni mwenzako. Unauona mkono tu.

Mwaka 1941 Delmar alikuwa na miaka kumi na mmoja, namba kumi na saba. Marlys, wa miaka tisa, alikuwa kumi na nane. Mara mbili alipenyeza mkono asikute wa kaka yake, ila akasikia "Kumi na saba!" ikiitwa kutoka mbali, kwenye pipa la maji. Jioni Delmar alimbana mkono na kumwambia, "Ukisema, baba ataniua." Hakusema. Inga alipatikana katika mstari wa kumi na saba. Marlys aliimeza hasira hiyo miaka hamsini na saba, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Saa tisa alasiri Delmar aliingia kuongeza wino kwenye muhuri. Saa kumi na moja hakuwa ametoka. Mkewe Bernice alipiga honi ya gari mpaka ikafifia. Lyle Brandvold, mkuu wa wazima moto wa kujitolea, akawapanga watu.

Lyle alikuwa namba thelathini. Marlys alikuwa thelathini na moja, wa mwisho kushoto. Baada yake hapakuwa na mtu.

Jua lilikuwa bado juu. Walitembea. Majani makavu yaliwakwaruza nyuso. Wakasimama. Marlys akapenyeza mkono wa kulia, akakuta kiganja kigumu cha Lyle.

"Thelathini!"

"Thelathini na moja!"

"Thelathini na mbili."

Sauti ilitoka kushoto. Ya mtoto.

Mkono ulipita kati ya mabua ukamshika. Mdogo. Wa baridi. Una udongo.

"Marlys," Lyle alinong'ona, "nani yuko kushoto kwako?"

"Hakuna mtu."

Hatua ishirini. Wakasimama. Mkono ukaja tena. "Thelathini na mbili." Safari hii ulimbana, kidole kwa kidole.

Hatua ishirini nyingine. Akanyoosha mkono wa kushoto. Akangoja.

Hapakuwa na kitu.

Namba haikuitwa. Marlys alielewa. Mstari ule wa kushoto haukuwa na mtu, kama wa kumi na saba mwaka 1941. Aliyekuwa humo angepitwa.

Alisimulia kwamba alinyamaza. Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye tufaha. Aliwaza: Delmar na alale humo. Watu wakaendelea, naye akaendelea. Hatua moja. Mbili. Tatu.

Kisha akapiga kelele, "Simameni! Hapa! Kushoto kwangu!"

Lyle alivunja mabua akapita. Delmar alikuwa amelala chali, macho wazi, mkono wa kulia umefumbwa ngumi. Midomo ilikuwa ikicheza. Lyle akainama asikilize.

"Kumi na saba," Delmar alikuwa akisema. "Kumi na saba. Kumi na saba."

Jioni hiyohiyo Marlys alisimama makaburini mpaka Lyle na wenzake walipolisimamisha jiwe mahali pake. Ubao aliuchoma mwenyewe. Ila Marlys hakumsamehe Delmar, na alitaka ijulikane hivyo.

Delmar aliishi miaka sita zaidi. Hakusema neno jingine, na ngumi yake hakuna daktari aliyeifumbua. Ilifumbuka yenyewe kwa mwosha maiti. Ndani ya kiganja palikuwa na alama za vidole vinne vidogo, na udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Lyle alifariki 2011, Bernice mwaka uliofuata. Marlys yu hai, ana miaka tisini na miwili. Sisi wa ukoo wake tukishikana mikono kwa sala ya chakula, yeye huketi mwisho wa meza, mkono wa kushoto ameunyoosha pasipo na mtu. Hatuanzi kula mpaka aurudishe.