Kuacha na Kuhama

Miezi ile mimi ndiye niliyekuwa mkono wa kulia wa mama, na hapo sifanyi mzaha. Mama alianguka kwenye ngazi za ofisi wiki ya kwanza ya kazi yake mpya, akavunjika mkono, wakamfunga plasta hadi kwenye kiwiko. Kila jioni nikitoka shule nilimkatia vitunguu, nikamfungia vifungo, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri (darasa zima linajua, nami huwakumbusha), nilimwandikia pia karatasi zake.

Mama alikuwa amefundisha hesabu katika shule moja kwa miaka kumi na minne. Kisha akapata kazi serikalini, afisa takwimu katika idara ya maji. Ilibidi ajaze fomu ya mfuko wa pensheni ili uanachama wake uendelee palepale ulipofikia, bila kuanza upya.

"Usijaze kitu kabla hujanisomea," aliniambia kutoka jikoni, huku akikoroga sufuria kwa mkono wa kushoto. "Kila mstari, umesikia?"

Nilisikia. Lakini nje wenzangu walikuwa wananiita. Tulikuwa na mechi ya mpira wa pete, na mfungaji ni mimi. Nikasoma mistari mitatu kwa sauti, iliyobaki nikaipitia kwa macho tu. Mstari wa tisa uliuliza sababu ya kuondoka kwa mwajiri wa kwanza, na palikuwa na visanduku viwili: kuacha kazi, au kuhamia kwa mwajiri mwingine. Mwezi mzima mama alikuwa akiwaambia watu, "Mimi nimeacha ualimu." Basi nikatia alama kwenye kuacha.

"Umenisomea yote?" mama aliuliza.

"Yote, mama."

Akatia sahihi kwa kushoto, nami nikakimbilia uwanjani. Tulishinda.

Wiki tatu baadaye barua ilifika. Mama aliichana bahasha kwa meno, akasoma, akaketi.

"Wamefunga uanachama wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Wanasema niliacha kazi. Wananiandikisha upya, kama mtu aliyeajiriwa juzi. Miaka kumi na minne imekwenda na maji!"

Siku nyingine ningecheka, maana kazi yake ni idara ya maji. Siku ile niliukumbuka mstari wa tisa. Barua ilitoa siku saba za kupinga, na sita zilikuwa zimeishia njiani.

"Ni yule karani wa shule," mama aliendelea. "Fomu niliipitisha kwake. Lazima ameichezea. Kesho atanieleza mbele ya mwalimu mkuu."

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilijiambia kwamba labda tatizo si mstari wa tisa, na nilijua kabisa kwamba najidanganya.

Kesho yake sisi wanafunzi tulikuwa likizo, kwa hiyo mama alinichukua nimbebee faili hadi shule yake ya zamani. Karani alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwalimu, mimi nilipiga muhuri tu nikaituma," alimwambia mama. "Sikugusa kitu."

"Tumefanya kazi pamoja miaka yote hiyo, leo unanichimbia shimo?"

"Kama umeibadilisha fomu ya mtu," mwalimu mkuu alimwambia karani, "nitakuandikia barua ya onyo. Na umebakiza mwaka mmoja ustaafu."

"Nakala ipo," mzee alisema. "Ngoja niitafute." Akainama kwenye kabati, akipekua faili moja baada ya jingine. Sikuweza kuvumilia kumwangalia.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetia alama kwenye kuacha. Sikukusomea yote, mama. Nilikudanganya."

Mama hakunigombeza. Alilichukua faili mikononi mwangu, na hilo liliniuma kuliko kofi. Kisha akamgeukia karani. "Nisamehe, mzee wangu."

"Tutasameheana baadaye, mwalimu," karani alijibu. "Ofisi ya pensheni inafunga saa tisa."

Mwalimu mkuu aliandika barua upesi upesi kwamba mama hakuacha kazi bali alihama, akataja na tarehe. Karani akapiga muhuri. Tulikwenda mbio mbio, mama akiwa ameushika mkono wake wa plasta kifuani, tukafika saa nane na nusu. Foleni ilikuwa ndefu. Kila aliyemaliza dirishani nilimshukuru kimoyomoyo.

Saa tisa kasoro dakika tano, afisa alipokea karatasi zetu.

"Aliyeacha kazi tunamfungia faili," alisema. "Aliyehama, faili lake linamfuata. Sasa mbona fomu yenu inasema kuacha?"

Mama alinigeukia. Ikabidi nieleze mimi, mbele ya foleni nzima. Nyuma yangu mtu alicheka. Masikio yalinichoma, lakini nilimaliza.

Afisa alilinganisha tarehe. "Ijumaa ulitoka shuleni, Jumatatu ukaanza idarani. Huku ni kuhama." Akanisukumia karatasi. "Andika maelezo hayo hapa, mama yako atie sahihi."

Niliandika, kisha nikamsomea mama neno kwa neno, hata namba ndogo za pembeni. Afisa akagonga muhuri. "Uko palepale, mama. Utaendelea na namba yako ileile."

Nje, mama alishusha pumzi ndefu. Nilidhani yamekwisha, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Kukosea kisanduku si kitu," alisema. "Nimefundisha watoto wanaokosea kila siku, sijamchukia hata mmoja. Lakini uliponiambia 'yote', nilitia sahihi kwa kukuamini wewe. Na jana ukaniacha nimchukie mzee wa watu, nawe ukweli unaujua. Mtu akikosea, aseme mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wake."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila mimi wamenirudishia miaka yangu kumi na minne, mwanangu. Wewe kwangu unaanza upya leo."

Machozi yalinitoka. Tulirudi hadi shuleni kwa miguu, na mlango wa karani niliugonga mwenyewe.