Kamusi Iliyofichwa Chini ya Kaunta

— Nimefeli, fundi alisema, hata salamu hakutoa.

Muuza vitabu alikuwa juu ya ngazi ndogo akipanga atlasi. Alishuka taratibu.

— Umefeli nini?

— Mtihani wa Kijapani. Ya kusikiliza nilijitahidi. Ilipofika karatasi ya kusoma nikaona vijimistari tu. Miezi mitatu nimekariri maneno mia nane, na sikuweza kusoma hata moja!

Alitoa kwenye ovaroli ile kamusi nyembamba ambayo mpenzi wake huyu ndiye aliyemchagulia. Kona zilikuwa zimelika, kurasa zimejaa alama za vidole vya grisi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani za kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa kinapeleka mafundi wawili Japani, miaka miwili, wakajifunze mashine mpya. Bila mtihani huo hakuna safari.

— Kichwa changu ndicho kigumu, mpenzi. Mimi ni wa bisibisi tu.

Hapo muuza vitabu aliumia kwelikweli. Fundi angeilaumu kamusi, yeye angevumilia. Lakini ajilaumu mwenyewe?

Maana ukweli yeye aliujua. Kamusi ile iliandika Kijapani chote kwa a, b, c zetu. Ilimfaa mtalii wa siku tatu. Ile nzuri, yenye maandishi yenyewe ya Kijapani, matamshi na mifano ya sentensi, ilikuwa chini ya kaunta, imeviringishwa kwenye kalenda ya mwaka jana. Aliificha siku ileile fundi alipokuja kuulizia. "Anza na hii," alimwambia, "maandishi yao yatakuja yenyewe." Asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo, na miaka miwili ni mingi.

— Si kichwa chako, akasema. Ngoja.

Aliinama, akaitoa, akaifungua mbele yake. Fundi aliipekua.

— Ilikuwepo tangu siku ile?

— Ilikuwepo.

— Na ulijua ndiyo inayonifaa?

— Nilijua. Nilitaka usiende.

Fundi hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliiweka ile nyembamba juu ya kaunta, akatoka.

Shangazi, mwenye duka, alichungulia kutoka stoo. Masikio yake hayakuwahi kwenda likizo.

— Kwa hiyo umemzimia mtu taa ili asiuone mlango? Mwanangu, siku akipapasa akaupata, harudi.

— Shangazi, niliogopa.

— Ungemwambia unaogopa! Kuogopa si kosa.

Jioni muuza vitabu aliandika, akafuta, akaandika tena: "Sitetei nilichofanya. Ulijilaumu kwa kosa langu, na hilo ndilo linaloninyima raha. Mtihani unarudiwa?"

Ujumbe ulisomwa. Jibu, kimya. Siku ya nne ndipo simu ilipolia: "Unarudiwa baada ya wiki sita. Kesho nakuja kununua kamusi. Nakuja kama mteja."

Na kweli alikuja kama mteja. "Habari za hapa," alisema, kana kwamba hajawahi kunywa chai kwenye kile kiti cha nyuma.

— Kamusi nzuri mtu anaichaguaje?

— Unachukua neno unalolijua vizuri, unalitafuta katika kila moja, halafu unalinganisha.

— Basi nitafutie "samahani".

Alizifungua zote mbili. Ile nyembamba ilikuwa na mstari mmoja, neno moja, basi. Ile nene ilikuwa na nusu ukurasa: ya kumwambia mtu uliyempita njiani, ya mfanyakazi kwa mkubwa wake, ya watu waliozoeana, kila moja na mfano wake.

— Nichagulie moja, fundi akasema. Unayotaka kuniambia mimi.

Kidole cha muuza vitabu kilitembea ukurasani muda mrefu. Kikatua kwenye ile ndefu kuliko zote, yenye heshima zote.

— Mooshiwake gozaimasen, akasoma kwa kubabaika.

Fundi akainama kusoma maelezo.

— Hapa wameandika hii ni ya mkubwa wa kazi, au ya mteja.

— Si umesema umekuja kama mteja?

Fundi alikaribia kucheka, akajizuia.

— Tafuta ya mtu wa nyumbani.

Kidole kilipanda juu. Macho yake yalishajaa machozi.

— Gomen nasai.

Fundi aliifunga ile kamusi nene.

— Imeniuma, na sijui itaniuma mpaka lini. Lakini barua ya kiwanda inasema fundi mwenye ndoa anaruhusiwa kwenda na mwenzake. Nilikuwa nasubiri nifaulu ndipo nikuulize. Sikutaka kukupa matumaini hewa.

Muuza vitabu alishika kaunta kwa mikono miwili. Miezi mitatu alikuwa anazuia safari yake mwenyewe!

— Kumbe wote mnaficha vitu chini ya kaunta! Shangazi alipaza sauti kutoka stoo.

Walicheka, muuza vitabu huku analia. Kisha akaichukua ile nyembamba kuiondoa.

— Iache, fundi akasema. Maneno mia nane nimeyatoa humo. Tutayatafutia maandishi yake kwenye hii nene, moja baada ya jingine. Una muda?

Muuza vitabu akamvutia kile kiti cha nyuma.

Wiki saba baadaye, duka likiwa limejaa wanafunzi wanaotafuta madaftari, simu ililia.

"Nimefaulu. Mwambie Shangazi aanze kutafuta mtu wa dukani."