Sauti Aliyoiamini Kidoti

Mama Kidoti alikuwa mshonaji wa sare za kazi. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Meza ya watoto ya kusomea ilikaa upande wa pili. Ukisimama katikati, mkono mmoja uligusa cherehani na wa pili uligusa meza. Hapo palikuwa kiwanda, na hapo hapo palikuwa shule.

Watoto walikuwa wawili. Kidoti, binti wa miaka minane, aliitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi ndogo juu ya mdomo wake. Mdogo wake alikuwa na miaka mitano. Alirithi jina la baba wa baba yake, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Babu. Wageni walishtuka kumsikia mama akisema, "Babu, njoo uvae suruali."

Kidoti alikuwa na pumu. Shule ya karibu ilipakana na kiwanda cha kusaga mawe, na vumbi lake lilimlaza kitandani mara kwa mara. Mwishowe wazazi waliomba ruhusa ofisi ya elimu, wakaanza kumfundisha nyumbani. Baba Kidoti, fundi wa kuchomelea vyuma, alikubali shingo upande.

"Tujaribu," alisema. "Lakini mambo yakienda mrama, ataenda kwa shangazi yake akasome huko."

Shangazi aliishi mbali, safari ya kutwa nzima. Mama alisikia maneno hayo, akayaweka moyoni.

Alifundisha kusoma na hesabu kwa bidii. Kazi ya sare ilipozidi, aliwawekea watoto podikasti kwenye simu. Podikasti ni vipindi vya sauti, kama vya redio, ila unavichagua mwenyewe na kuvisikiliza wakati wowote. Mama aliandika neno "watoto" kwenye sehemu ya kutafutia. Akaona picha ya tembo anayecheka, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikaanza kueleza jinsi tembo anavyokunywa maji. Watoto wakatulia tuli. Mama akarudi kwenye cherehani yake na roho kunjufu.

Siku zikaenda hivyo. Babu akawa anataja wanyama ambao baba yake hakuwahi kuwasikia. Mama akajiona amepata msaidizi.

Kisha Kidoti akaanza kukohoa.

"Umevuta dawa yako asubuhi?" mama aliuliza.

"Nimevuta, mama."

Kidoti hakuwa mtoto wa uongo. Mama akaamini, akaendelea na kazi.

Siku iliyofuata, mama alikuwa akishona mifuko ya makoti. Cherehani ilikuwa inanguruma. Akahisi gauni lake linavutwa. Alikuwa Babu.

"Mama, Kidoti anapiga filimbi."

"Mwache apige."

"Hana filimbi."

Mama akasimamisha cherehani. Chumba kilipokuwa kimya, akaisikia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwaruza, ikitoka kifuani mwa binti yake. Kidoti alikuwa ameinama juu ya meza. Mabega yake yalipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Mama alikimbilia kabatini. Inhela ya Kidoti, kile kichupa cha kuvuta dawa kinachofungua kifua, ilikaa kwenye droo ya juu siku zote. Leo haikuwemo. Akafungua droo ya pili, humo pia haikuwemo. Akamwaga vitu vyote sakafuni.

"Kidoti, dawa iko wapi?"

Kidoti alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka.

"Mwanangu, sitakugombeza. Nionyeshe tu."

Kidoti akanyoosha kidole kwenye gunia la vipande vya vitambaa, chini ya cherehani. Mama akaingiza mikono yote miwili. Akatoa vitambaa vya bluu, vya kijivu, vya kijani. Chini kabisa vidole vyake viligusa plastiki.

Alimkalisha mtoto wima, kama daktari alivyomfundisha. Akaitikisa inhela, akamwekea mdomoni, akampulizia. Akasubiri. Akampulizia tena. Filimbi ilipungua kidogo, lakini haikuisha.

Mama akafungua mlango, akamwita jirani. Jirani huyo walimwita Mama Redio, kwa kuwa alifanya kazi kwenye kituo cha redio kwa miaka mingi, akitengeneza vipindi vya watoto. Alikuwa na gari kuukuu. Alitoka na taulo kichwani, akamwona mtoto, asiulize hata swali moja.

"Mwingize nyuma. Babu, panda mbele na mimi."

Hospitali walimpa Kidoti dawa na hewa ya oksijeni. Mama alisimama kando ya kitanda akihesabu pumzi za mtoto bila kujua anahesabu. Polepole mabega yakatulia. Midomo ikarudi rangi yake.

Muuguzi akauliza kwa upole, "Kidoti, dawa ulikuwa unaivuta?"

Kidoti aliangalia shuka. "Niliacha."

"Kwa nini?"

"Mwalimu wa kwenye simu amesema dawa ya kuvuta inafanya mapafu yawe mavivu. Amesema mtoto jasiri akiiacha, mapafu yanakuwa na nguvu. Mimi nilitaka yapone, nirudi kucheza na wenzangu."

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikiliza," muuguzi alisema. "Njia za hewa kwenye kifua chako huvimba na kubana. Dawa hii inazifungua. Haifanyi mapafu kuwa mavivu hata kidogo. Mtu wa kukubadilishia dawa ni daktari aliyekupima, basi. Sauti ya kwenye simu haijakupima."

Kidoti akakubali kwa kichwa.

Baba alifika na nguo zake za kazi, mikono ina masizi. Alimshika binti yake paji la uso, akamsikiliza kifua, kisha akamwita mama nje. Alipoelezwa, aliongea kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomuumiza mama zaidi.

"Nilidhani unamfundisha wewe. Kumbe anafundishwa na simu."

"Nilichagua kipindi cha tembo, Baba Kidoti. Sijawahi kumwekea mtu wa dawa."

"Basi huyo mtu aliingiaje nyumbani kwangu?"

Mama aligeuka, akautazama mlango wa wodi.

"Akitoka hapa anakwenda kwa shangazi yake," baba alisema. "Nimemaliza."

Mama Redio alikuwa kwenye benchi, Babu amelala mapajani mwake. Alikuwa amesikia yote.

"Shemeji," alisema, "swali lako ni zuri. Mtu huyo aliingiaje? Kabla hujampeleka mtoto popote, tulitafute jibu. Maana hata kwa shangazi yake kuna simu."

Baba akamtazama. Kisha akaketi kwenye benchi, kando yake.

Kidoti aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mama Redio alikuja. Walikaa watu wazima watatu mezani. Watoto walikuwa chumbani. Baba alibaki na viatu vyake miguuni, kama mtu anayetaka kuondoka.

"Simu hukumbuka ulichosikiliza," Mama Redio alisema. "Nipe tuone."

Akabonyeza. Vipindi vyote vilivyochezwa vikajipanga kwenye kioo. Hapo palikuwa na tembo. Chini yake palikuwa na twiga. Baada ya twiga palikuwa na jina ambalo mama hakulijua.

"Hiki sikukiweka mimi."

"Ulikiacha kijiweke. Kipindi kikiisha, simu inachagua kingine na kukicheza yenyewe. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo, kwenye cherehani. Lakini ikinguruma sisikii kitu."

Mama Redio akakicheza kipindi kile. Sauti ya mwanamume ikatoka, laini, yenye kicheko. Iliwaita watoto "askari wangu wadogo". Ilisimulia habari za mvulana aliyetupa dawa zake akashinda mbio. Kisha ikasema, "Usimwambie mama kwanza. Mshangaze." Mwishoni ikataja sharubati ya mitishamba na namba ya kupiga ili kuinunua.

Baba alikuwa amekunja ngumi juu ya meza.

"Usimwambie mama," alirudia polepole. "Anamwambia mtoto wangu."

"Ndiyo maana Kidoti alinidanganya," mama alisema.

Mama Redio akazima. "Redioni tulikuwa na mhariri. Kipindi kisichofaa kilikwama mezani kwake. Kwenye podikasti, mtu yeyote mwenye simu anaweza kujifungia chumbani, akazungumza, dunia ikamsikia. Wapo wazuri sana. Wapo walimu, madaktari, wazazi wanaofundisha nyumbani kama ninyi. Na yupo huyu. Mlango ni ule ule mmoja. Kwa hiyo mhariri ni wewe mama, na wewe shemeji."

"Mimi nachomelea mageti," baba alisema. "Nitajuaje nani mkweli?"

"Geti ukiletewa, unaliangalia rangi?"

"Naangalia viungo. Rangi inaficha."

"Basi. Picha ya tembo ni rangi. Uliza huyu ni nani. Ametaja jina lake na kazi yake? Uliza amejuaje anachosema. Halafu uliza anauza nini. Akimwambia mtoto afiche jambo, usiendelee kuuliza, mfute."

Baba aliegemea kiti. Akavua viatu.

Mama Redio akamwonyesha mama mahali pa kuzuia simu isijichezee vipindi. Wakaripoti kipindi kile kwa wenye programu, kwa sababu watoto wengine nao walikuwa wanakisikia. Kisha akamfundisha kutafuta. Neno "watoto" peke yake lilikuwa pana mno. Mama akaandika umri na somo: hadithi za miaka mitano, sayansi ya miaka minane. Wakasoma maelezo ya kila kipindi na kutazama ni nani aliyekitengeneza. Vingi havikusema, wakaviruka. Waliona pia podikasti ya wazazi wanaofundisha watoto nyumbani. Mama mmoja humo alieleza jinsi anavyopanga asubuhi yake na watoto wake, na kwamba siku nyingine anashindwa kabisa. Mama Kidoti aliposikia hivyo, alifuta macho. Alidhani yuko peke yake.

"Ukipata unachokitaka, kipakue," Mama Redio alisema. "Kikishakaa ndani ya simu, unazima intaneti. Watoto wanasikia hicho hicho tu. Lakini kwanza kisikilize wewe, mwanzo hadi mwisho."

"Nitapata wapi muda? Nina makoti ya watu hapa."

"Unapiga pasi? Unatandika kitanda? Sikiliza hapo. Na wanapokisikiliza watoto, cherehani izime. Kaa nao. Kipindi kiwe kifupi. Kisimamishe katikati, uwaulize wanadhani nini kitafuata. Sauti inawaletea habari, lakini mwalimu wao bado ni wewe."

Mama alimtazama mumewe. Baba alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha watoto.

"Hadi mwisho wa muhula," alisema hatimaye. "Na nikae nao mara moja mwenyewe. Nataka kuona kwa macho."

Kabla ya kitu kingine, mama alimwita Kidoti. Mtoto alikuja akiburuta miguu, akijua ana kesi.

"Kosa la kwanza ni langu," mama alimwambia. "Nilikuachia mgeni nisiyemjua. Ukisikia tena sauti inayokutaka unifiche kitu, utafanya nini?"

"Nitakwambia."

"Hata kama imesema nikishangazwa nitafurahi?"

"Hata kama."

Kidoti akamkumbatia kiuno. Dawa yake ikarudi kwenye droo, na kila asubuhi aliivuta mbele ya mama.

Wiki za kwanza hazikuwa rahisi. Mama alizoea kazi iende huku watoto wamenyamaza. Sasa ilimbidi asimamishe cherehani, na siku nyingine sare zilichelewa, mwenye kiwanda aliyeziagiza akapiga simu akinung'unika. Mara mbili alisikiliza kipindi hadi karibu na mwisho, akakuta hakifai, akaanza upya kutafuta. Lakini alianza kuona kitu kipya. Walipomaliza kusikiliza habari za mvua, siku ambayo baba naye alikaa nao, Kidoti aliandika ukurasa mzima bila kusukumwa. Babu aliweka sufuria la maji juani, akawa analilinda aone maji yanavyopanda mbinguni. Alilinda hadi akasinzia.

Mwisho wa muhula, mwalimu wa ofisi ya elimu alimpima Kidoti kusoma na hesabu. Alifaulu. Daktari naye alisikiliza kifua chake, akaridhika. Safari ya kwa shangazi ikabaki ya kutembea tu, wakati wa likizo.

Jumamosi moja baba alirudi mapema kutoka kazini, uso umejaa bashasha. Akaweka simu yake mezani.

"Leo nimewaletea podikasti mimi," alisema. "Inaeleza jinsi madaraja yanavyojengwa. Kaeni."

Babu akakaa. Kidoti alibaki amesimama, mikono nyuma.

"Baba, anayesema ni nani?"

Baba akaitazama simu. "Nimepewa na mwenzangu kazini."

"Huyo mwenzako amekisikiliza kipindi chote?"

"Sikumuuliza."

"Na wewe?"

Mama aliinama juu ya kitambaa chake ili asionekane anacheka. Baba alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akachukua simu, akavuta kiti hadi dirishani, akaiweka sikioni.

"Ngojeni," alisema. "Baba anasikiliza kwanza."