Muulizeni Mangeni

Norah anauza dagaa katika soko la Busia, mji wa mpakani. Kaka yake, Mangeni, anashona viatu meza ya jirani. Mangeni ni kiziwi. Tangu utotoni Norah ndiye mdomo wake. Ukimuuliza Mangeni kitu, Norah ameshajibu!

Jumapili baada ya kanisa kikundi chao cha maigizo kilikaa kutunga igizo. Lingechezwa sokoni Jumamosi, mbele ya watu wa pande zote za mpaka. Lilihusu fundi kiziwi. Wote walipayuka kwa pamoja, na mwenzao Paddy akaandika mbio mbio.

"Hapa fundi iko nalia, watu wanampa sadaka," alisema Paddy. "Norah, Mangeni anakubali?"

"Anakubali. Andika tu."

Mangeni akachungulia karatasi, akasoma. Uso ukamwiva kwa hasira. Akaashiria kwa mikono: siji tena. Akaenda zake.

Roho ilimuuma Norah. Nje ya kikundi kile, Mangeni hakuwa na marafiki. Akamwendea jirani yake Barbara, mwalimu wa lugha ya ishara.

"Mwalimu, tunaandika habari zake, naye anakasirika!"

"Mlimuuliza?"

"Mimi ni dada yake. Namjua."

"Sikusema humjui. Ulimuuliza?"

Jamani, aibu!

"Kaeni duara, aone nyuso zenu," alisema Barbara. "Aseme mmoja mmoja. Afasiriwe yote, msimfupishie. Kisha mngoje jibu lake. Nitakuja kufasiri."

Norah akamwomba kaka yake msamaha. Mangeni akamkazia macho weee! Mwishowe akakubali kujaribu mara moja tu.

Wakakaa duara. Mangeni akasema kwa mikono, Barbara akafasiri: "Mimi silii. Tazameni."

Akainuka, akaigiza mteja anayemfokea fundi sikioni. Mteja akaona hasikiki, akamwita mkewe waje kufoka wawili. Wakati huo fundi ameshamaliza kiatu, anawakabidhi tu!

Paddy alicheka hadi machozi. "Hiyo naandika! Ile ya kulia natupa!"

Jumamosi soko lilifurika. Watu walivunjika mbavu, wakanyoosheana vidole: "Ndiwe huyo!" Mwishoni walipunga mikono juu, makofi ya viziwi, kama Barbara alivyowafundisha. Mangeni aling'aa kwa furaha.

Mama mmoja akamkimbilia Norah. "Kaka yako atatunga lingine lini?"

Norah akafungua mdomo. Akaufunga.

"Muulize mwenyewe, mama."

Yule mama akamgeukia Mangeni, akavuta pumzi apaze sauti. Akakumbuka igizo. Akajicheka, akainua mikono, akaanza kuuliza.