Faili Lililokuwa Likikua

Rafiki yangu fundi cherehani si mtu wa kuzua mambo. Alitaka kuhamishia kwenye flashi sauti alizomrekodi marehemu mama yake, ambaye hakuwahi kuanza kuongea bila kusafisha koo. Badala ya kunakili, alikata, kisha akachomoa flashi kabla kazi haijaisha. Folda zote mbili, ya kompyuta na ya flashi, zikabaki tupu.

Akampigia kaka yake simu kumweleza yaliyotokea. "Kaka, nimemzika mama mara ya pili."

"Usilie. Bonyeza tafuta, uandike mama."

Akaandika, programu ikaganda. Akaifunga, akaifungua, akaandika tena. Taa ya stoo alimokuwa ilikuwa imeungua, mwanga ulikuwa wa kioo cha kompyuta tu. Mwishowe likatokea faili moja, na kila alipolitazama ukubwa wake ulikuwa umeongezeka. Akamwambia kaka.

"Basi kuna kitu kinarekodi," kaka akasema. "Umechomeka maikrofoni?"

"Sina maikrofoni."

Akalifungua. Akasikia vitufe vikibonyezwa gizani, kisha sauti yake mwenyewe: "Kaka, nimemzika mama mara ya pili."

Halafu, karibu zaidi kuliko sauti yake, mtu akasafisha koo.